Mkono ndani ya gunia la dagaa: Sunna ya Mtume ufukweni Mugango

Mnunuzi wa dagaa anayeijua kazi yake haridhiki na anachokiona juu ya gunia. Anafungua mdomo wa gunia, anakunja mkono wa shati mpaka kwenye kiwiko, kisha anauzamisha mkono wote mpaka vidole viguse chini. Huko chini anatafuta vitu viwili: unyevu na mchanga. Dagaa wa juu wanaweza kuwa wakavu, wanang'aa kama fedha, ukiwakunja wanavunjika. Wa chini wakawa bado wana maji ya ziwa, na maji hayo yataongeza kilo leo na kuozesha gunia zima keshokutwa. Akiutoa mkono ananusa, anasugua vidole kuona kama kuna chembe za mchanga. Ndipo mazungumzo ya bei yanapoanza.

Nimeutazama mkono huo mara nyingi kwenye mialo ya mashariki mwa Ziwa Victoria, na kila mara umenipeleka kwenye soko la Madina. Imepokewa katika Sahihi ya Muslim, kutoka kwa Abu Huraira, kwamba Mtume Muhammad (SAW) alipita penye lundo la chakula sokoni, akaingiza mkono wake ndani, vidole vikakuta majimaji. Akamuuliza mwenye mali kulikoni. Akajibiwa kwamba chakula kilinyeshewa. Mtume akamhoji kwa nini hakukiweka kilicholowa juu ili watu wakione, kisha akatoa hukumu ambayo kila mtoto wa madrasa anaijua: anayewaghushi watu hayumo katika kundi lake.

Mwanamke anayeanika dagaa Mugango, akawageuza mara mbili kwa siku, akakataa kuwafunga jioni kwa sababu wa chini hawajakauka, ameifuata Sunna hata kama midomo yake haikutamka neno la Kiarabu.

Mugango ni kata ya wilaya ya Musoma mkoani Mara, na imeegemea ziwa. Wenyeji wa ukanda huo ni Waruri, Wakwaya na Wajita. Wamisionari wa Kimenoni walifungua kituo hapo katika miaka ya 1930, na mpaka leo Ukristo ndio dini ya walio wengi katika Mara. Waislamu ni wachache. Dini yao ilifika kwa biashara, kwa uaskari, kwa ndoa na kwa uvuvi, na katika ukoo mmoja unaweza kumkuta kaka ni Mwislamu, dada ni Msabato, shangazi ni Mmenoni. Majina yanasema hivyo hivyo: la kwanza Juma au Zainabu, la pili Magesa au Nyamisi. Hapa hakuna mji mkongwe wenye milango ya nakshi wala misikiti ya kutazamana kama Unguja na Lamu. Anayetaka kuiona Sunna Mugango aitafute kwenye kazi za watu na kwenye vyombo vyao vya nyumbani.

Tumezoea kuipima Sunna kwa jicho: ndevu, pindo la kanzu, kofia, ushungi. Hayo yana nafasi yake na sina ugomvi nayo. Lakini fungua kitabu chochote cha hadithi utakuta milango ya biashara, ya maji, ya chakula, ya majirani na ya jeneza, na milango hiyo ndiyo mirefu. Mvuvi anaiishi milango hiyo kila siku, awe anajua au hajui.

Chukua mwezi. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, sasa wengi wanatumia taa za umeme wa jua. Dagaa hukimbilia mwanga, na mwanga wa taa hauna nguvu mpaka mbingu iwe nyeusi. Kwa hiyo mvuvi wa dagaa anaishi kwa kalenda ya giza na mbalamwezi. Mwezi ukiwa mchanga au umefifia, mitumbwi inatoka. Mwezi ukikaribia kujaa, taa haina kazi, na mwalo unatulia kwa siku kadhaa. Nyavu zinashonwa, mitumbwi inapinduliwa na kuzibwa nyufa kwa pamba, watu wanalala usiku kama watu wengine.

Sasa Mtume alimuusia Abu Dharri kufunga siku tatu za kila mwezi, tarehe 13, 14 na 15 za mwezi mwandamo, zile zinazoitwa masiku meupe kwa sababu usiku wake una nuru. Kwa karani wa Musoma mjini tarehe hizo ni hesabu ya kalenda ya ukutani, na akisahau zimempita. Kwa mvuvi wa dagaa ndizo siku hasa anazokuwa nchi kavu, hana kazi ya usiku, mwili umepumzika. Ziwa lenyewe limempangia. Sijui kazi nyingine yoyote Tanzania ambayo funga ya hiari inaingia ndani yake kwa urahisi namna hiyo, na nawaomba vijana wa mwaloni walitazame jambo hili, maana siku za mbalamwezi ndizo pia siku ambazo fedha za giza lililopita huishia kwenye pombe na kamari.

Ramadhani huenda kinyume. Inaandama na mwezi mchanga, yaani inaanza na giza, siku za kazi. Usiku ambao wengine wanaswali tarawehe ndio usiku ambao mvuvi yuko katikati ya maji akitazama taa. Daku lake ni ugali uliopoa uliofungwa kwenye kitambaa, anaula ndani ya mtumbwi kabla weupe wa alfajiri haujapasuka upande wa nchi kavu, mikono ikinuka samaki. Jioni hana haja ya saa. Ufukwe wa Mugango unatazama magharibi, na jua linazama majini mbele ya macho yake, mpaka ule ukingo wa mwisho. Anas bin Malik amesimulia kwamba Mtume alikuwa akifuturu kwa tende mbichi kabla ya kuswali, zisipokuwepo kwa tende kavu, na hizo zikikosekana kwa mafunda ya maji. Tende za Mugango ni za pakiti, zinatoka maduka ya mjini, na si kila nyumba inazipata. Mafunda ya maji yapo kwa kila mtu. Baadaye ndipo kinakuja kilichopikwa: muhogo, viazi vitamu, uji wa ulezi. Hapa si Pwani, hakuna nazi ya kumwaga. Nyumba nyingi huunga kwa karanga, na futari hiyo haina upungufu wowote.

Kuna jambo dogo nalipenda. Kila nyumba ya Mugango, ya Mwislamu au ya Mmenoni, mtu akiamka anasema anatafuta mswaki. Neno hilo ni la Mtume. Limetoka kwenye siwaki, kijiti alichokipenda kiasi cha kusema kwamba lau si kuogopa kuutaabisha umma wake angewaamuru kukitumia kwenye kila swala. Kijiti kikawa brashi ya plastiki, jina likabaki.

Kwenye maji ndipo penye uzito. Mtu mmoja aliyekuwa akisafiri baharini na maji machache alimwendea Mtume kuuliza kama anaweza kutawadha kwa maji ya bahari. Akajibiwa kwamba maji yake ni tohara na mfu wake ni halali. Jibu hilo fupi ndilo linalomwezesha Mwislamu wa Mugango kuishi. Kwa hilo hana haja ya kumchinja sato, anamla sangara aliyekufa wavuni usiku, na udhu wake anauchukua palepale alipoegesha mtumbwi. Mtume mwenyewe, kwa mapokezi ya Bukhari na Muslim, alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja, ambacho hakifiki lita moja. Ujazo huo ni kopo la plastiki linaloelea kwenye ndoo za nyumba zetu. Mama anayepandisha ndoo kichwani kutoka ziwani anaielewa hadithi ya kibaba kuliko mtu aliyezaliwa na bomba. Sasa kuna mradi mkubwa wa maji unaoyatoa ziwani Mugango kuyapeleka Kiabakari na Butiama, uliogharimiwa na serikali pamoja na mikopo ya Mfuko wa Maendeleo wa Saudia na benki ya Kiarabu ya BADEA. Bomba likifika, ndoo itashuka kichwani. Naomba kibaba kisisahauliwe.

Lakini iko Sunna ya maji tunayoivunja mchana kweupe, na lazima niiseme. Mtume alionya juu ya mambo matatu yanayoleta laana: kujisaidia penye maji watu wanakokwenda kuteka, njiani, na kivulini. Alikataza pia kukojoa katika maji yaliyotuama. Tazama mialo yetu. Kichocho kipo kando ya ziwa hili miaka yote, na kinaenezwa na haja za binadamu zinazoingia majini, zikakutana na konokono, zikamrudia mtoto anayeoga. Kipindupindu kinapita mlango huo huo. Kambi ya wavuvi ina mitumbwi mingi, ina kibanda cha chai, ina mahali pa kuchaji simu, na choo hakuna, au kipo kimoja kilichojaa. Mtu anashuka ufukweni gizani, anajisitiri nyuma ya jiwe, kisha hatua chache pembeni anachota maji ya udhu. Mswaki ni Sunna. Choo mwaloni nacho ni Sunna, tena iliyo na onyo la laana ndani yake. Msikiti unaochangisha fedha za kapeti mpya wakati wavuvi wake hawana choo umeanzia mwisho.

Ukitoka ziwani kupanda kwenye miji ya watu, Sunna inayoonekana zaidi na majirani ni ya kisu. Tanzania ina desturi ya miaka mingi kwamba nyama ya bucha na ya shughuli ya watu wote huchinjwa na Mwislamu, ili asiwepo wa kujitenga na sahani. Familia ya Kikristo ikiwa na harusi, mtoto anatumwa mapema asubuhi kwenda kumwita mzee Mwislamu wa jirani.

Mchinjaji anayejua hufika na kisu alichokinoa kwake. Hakinoi mbele ya mnyama. Anakibeba kimefunikwa kwa kitambaa au ndani ya mkunjo wa kanzu. Anauliza kama mbuzi amenyweshwa maji. Analazwa kwa ubavu wa kushoto, uso kibla, na kibla cha Mugango ni kaskazini, kikiegemea mashariki kidogo, kwa hiyo mchinjaji anakuwa na ziwa mkono wake wa kushoto. Mkono mmoja unashika taya kwa utulivu, jina la Mungu linatajwa, kisu kinapita mara moja. Anaachwa mpaka atulie kabisa ndipo ngozi iguswe. Hakuna kelele wala mzaha wakati huo, hata watoto waliopanda ukuta wananyamaza. Hadithi ya 17 katika zile Arubaini za Imamu An-Nawawi ndiyo inayofundisha hivyo: kwamba Mungu ameandika wema juu ya kila kitu, na mwenye kuchinja anoe kisu chake na ampe raha mnyama wake. Jirani wa Kimenoni hajaisoma hadithi hiyo. Ameiona ikitendwa uani kwake, na hiyo ndiyo tafsiri aliyopewa.

Desturi hiyo ni dhaifu kuliko tunavyodhani. Februari 2013 huko Buseresere, mkoani Geita, kwenye kanda hii hii ya ziwa, mzozo wa nani ana haki ya kuchinja ulifikia mapanga, na mchungaji mmoja akauawa. Nimeufikiria sana mzozo ule. Mtu aliyeitwa kuchinja uani kwa jirani yake amepewa heshima, na heshima haidaiwi kwa nguvu. Siku jirani akiamua kuchinja mwenyewe ni haki yake, na Mwislamu atakula ugali na sato bila kununa. Mtume aliyesimama kwa ajili ya jeneza la Myahudi, akauliza walioshangaa kama yule si nafsi, hakutuachia kisu ili tugombane nacho na majirani.

Na alituachia mchuzi. Alimwambia Abu Dharri kwamba akipika mchuzi aongeze maji yake, awaangalie majirani zake. Sioni hadithi iliyofanana na jiko la Mugango kama hii. Sato amekatwa vipande, nyanya na kitunguu vimechemka, mama anaona watoto wa nyumba ya pili wamekaa uani kwao na moto haujawashwa. Anachota kikombe cha maji, anamimina, anaonja chumvi, anaongeza kidogo. Bakuli linafunikwa kwa sahani na mtoto anaambiwa alipeleke kwa bibi fulani, aseme shikamoo kwanza. Bakuli halirudi tupu. Linarudi na viazi viwili, au mhindi, au kesho yake na dagaa. Mtume, kwa maneno ya Bi Aisha, alikuwa akipokea zawadi na kuilipa. Hapa Sunna na mila ya ziwa zilikutana zikatambuana kama ndugu, sawa na kula kwa mkono wa kulia kutoka upande wako wa sinia, jambo ambalo mzee wa Kiruri alimfundisha mjukuu wake bila kujua kwamba Mtume alimfundisha hivyo hivyo kijana Umar bin Abi Salama.

Maulidi nitayataja kwa kifupi, maana yamekuwa ya kugombaniwa. Yanaangukia Mfungo Sita, na Tanzania ni sikukuu ya kitaifa. Husomwa Barzanji, kitabu cha mwanazuoni wa Madina wa karne ya 18, kwa dufu, ubani na pilau. Wapo Waislamu wanaoona ni kumpenda Mtume, wapo wanaoona ni uzushi, na pande zote mbili zina masheikh. Mimi nina ushahidi wa jirani tu: usiku wa maulidi ndio usiku mmoja katika mwaka ambao Msabato wa nyumba ya pili anakaa kwenye mkeka na kusikia maisha ya Mtume kwa Kiswahili kuanzia kuzaliwa kwake. Wanaoyakataa wamwandalie usiku mwingine, maana hajasikia vya kutosha.

Ziwa pia linaua. Wakubwa wanakumbuka MV Bukoba, 21 Mei 1996. Wadogo wanakumbuka MV Nyerere iliyopinduka Ukara tarehe 20 Septemba 2018, ikachukua zaidi ya watu 220. Kati ya ajali hizo kubwa kuna mitumbwi ya watu wawili watatu ambayo haiandikwi magazetini. Mtume alimhesabu aliyekufa maji miongoni mwa mashahidi, na neno hilo limewashika mkono wajane wengi wa ufukweni. Lakini yule yule aliyelitamka ndiye aliyemwambia mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha amtegemee Mungu. Jaketi okozi ni kamba ya ngamia. Wapo wanaofunga hirizi kwenye omo ya mtumbwi na kuacha jaketi nyumbani kwa kuwa linabana, na hapo wameikosa Sunna mara mbili, maana Mtume alikataza kutundika hirizi.

Akishapatikana maiti, haraka ya maziko ya Kiislamu huwasumbua ndugu wa ukoo. Mila za Mara husubiri. Mjomba yuko Tarime, dada yuko Mwanza, na kumzika mtu kabla hawajafika huonekana ni kumtupa. Nimeona wazee Waislamu wakilimaliza jambo hili kwa upole, wakikubali saa kadhaa za kusubiri, wakiwaruhusu ndugu Wakristo kushika majembe kaburini na kushika jeneza mabegani. Hilo tunalimudu.

Tusilolimudu ni chakula. Jaafar bin Abi Talib alipouawa Mu'ta mwaka wa 8 wa Hijra, Mtume aliagiza watu wa Jaafar wapikiwe chakula kwa sababu limewafika la kuwashughulisha. Sisi tumeigeuza. Mfiwa ndiye anayepika. Ng'ombe anashushwa zizini, gunia la unga linakopwa dukani, watu wanakula siku tatu na wengine wanarudi kwa khitma, na arobaini ikifika mjane anadaiwa. Mara inajulikana kwa misiba mikubwa, na Waislamu tumeingia humo humo tukaongeza pilau. Nimemaliza kuandika juu ya kisu na mchuzi na dagaa, na nasema wazi kwamba hapa ndipo tulipoanguka.

Kwa hiyo nina ombi kwa Waislamu wa Mugango na wa Mara nzima. Msiba ujao, jiko la mfiwa lisiwashwe kwa siku tatu. Imamu akisimama kutangaza saa ya maziko, atangaze hapo hapo zamu: nani analeta unga, nani samaki, nani kuni na maji. Waliotoka mbali wale kwa majirani, si kwa mjane. Na shangazi wa Kimenoni akija na sufuria yake ya ugali kichwani, apishwe njia, apokelewe kwa mikono miwili, akaribishwe akae mkekani.